Mfupa Shingoni mwa Tumpe

Uyole, Mbeya
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako Dada Mwantumu,

Amani ya Mungu na rehema zake zikukute umekaa. Nakujua, barua unaisoma umesimama jikoni na mistari unairuka. Kaa kwanza. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho kwenye simu ulisema linalia ukishuka kwenda sokoni, nami nikacheka, ukaninunia. Nisamehe. Na Rukia hajambo? Bado analala na ile kanga ya mama yake ameikunja chini ya shavu? Usiifue kwa sabuni ya harufu kali, Dada. Maji matupu yanatosha.

Mimi mzima wa mwili. Baridi ya huku unaijua. Mawingu yameshuka mpaka kwenye mabati, na malori yanapita barabara kuu yamewasha taa mchana. Nakula, nalala, nasali. Lakini liko jambo linalonitia kinyaa, ndilo lililonifanya niketi niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza katikati ukasema, "Idrisa, vumilia mdogo wangu," nami ningevumilia. Safari hii nisome mpaka mwisho ndipo uniseme.

Jambo lenyewe ni hili: mwambie shemeji asikikate kile kitambaa cha sare ya Rukia. Kama amekwisha kukikata, asikishone. Rukia haji kusoma shule hii.

Najua umeshangaa. Mwaka mzima ni mimi niliyekusumbua kwamba mtoto atayarishwe, mtoto afundishwe kuvaa soksi mwenyewe. Tangu mama yake, Zuhura, atutoke, Rukia yuko mikononi mwako, nami niko huku peke yangu katika chumba cha shule. Shule ilishasema mtoto wa mwalimu atasoma bila malipo, na chumba kinatutosha wawili. Hakuna ninachokitamani kama kumsikia mtoto yule akikoroma upande wa pili wa pazia. Ndiyo sababu nataka ujue vizuri kwa nini nakikataa kwa mdomo wangu kitu nilichokiomba kwa mdomo huohuo.

Hapa shuleni kuna mfupa. Ni mfupa wa bega la ng'ombe, mpana kama kiganja cha mtu mzima, umetobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Zuhura alipokuwa hai haukuwepo, umekuja na mwalimu mkuu huyu mpya. Mwanafunzi akisikika anasema Kiswahili, au Kinyakyusa, au Kisafwa, mahali popote ndani ya uzio, anavikwa. Atakaa nao shingoni mpaka amnase mwenzake amekosea vilevile, ndipo amvike yeye. Yule ambaye kengele ya jioni itamkuta nao anakwenda nao nyumbani, na kesho yake asubuhi anaosha vyoo. Mwalimu mkuu anasema ndivyo mtoto anavyoshika maneno ya Kiingereza upesi. Anasema hata yeye alivikwa, na tumtazame alipofika.

Dada, mfupa ule haujaoshwa hata siku moja. Umelala vifuani mwa watoto wenye mafua na watoto wenye mapunye. Kamba yake imekuwa nyeusi na inateleza, maana mtoto akiwa na mawazo huiweka mdomoni akaitafuna. Mvua ikiunyeshea unanuka kama buchani siku umeme ulipokatika. Jua likiwaka, nzi wanausindikiza. Nimemwona mtoto wa darasa la kwanza anafukuza nzi mdomoni kwa mkono mmoja, mkono wa pili unafuatisha herufi. Mwalimu wa zamu akapita, akasimama, akamnyoosha kola ya shati, akaendelea na safari yake.

Lakini harufu ni kitu kidogo. Kinachonichafua roho ni kwamba watoto wamefundishwa kuwindana. Wakati wa mapumziko hawachezi. Utawakuta wamebanana nyuma ya ukuta wa choo, masikio yamesimama kama ya sungura, wanangoja mwenzao aseme neno la kwao. Nina mtoto darasani kwangu anaitwa Lusajo, mcheshi, hana siri. Siku moja nikamuuliza anawezaje kuukwepa mfupa siku zote. Akanijibu bila aibu:

"Mwalimu, njia rahisi ni kumchoma mtu. Ukimchoma, anasema kwao."

Mtu akichomwa anasema kwao. Nilikwenda nikakaa kwenye kitanda changu, Dada, nikaona vibaya kuwa mtu mzima.

Sasa nikueleze habari ya Tumpe. Ni mtoto wa darasa langu la tatu, mama yake anauza viazi soko la Uyole. Kucha zake zina udongo daima, kwa sababu akitoka shule anamsaidia mama kuchambua vilivyooza. Alikuwa msemaji! Asubuhi kabla sijaandika tarehe ubaoni nilikuwa nimekwisha kujua paka wao amezaa wangapi, jirani amegombana na nani, na bibi yake wa milimani ameota nini. Na yote kwa lugha tatu zilizochanganywa kama makande.

Siku moja wamepanga mstari wa chakula cha mchana, mwenzake akamchoma pajani kwa bikari. Tumpe akapiga kelele akimwita mama yake kwa Kinyakyusa. Ungesema nini wewe ukichomwa? Papo hapo akavikwa. Ilikuwa imenyesha, mfupa umelowa. Akapewa ugali na maharage, akakaa chini na wenzake, na alipoinama kula mfupa ukatumbukia kwenye maharage. Akautazama. Akaunyanyua kwa vidole viwili, mchuzi unachuruzika. Halafu akatapika, hapohapo, juu ya sahani na juu ya sketi. Watoto wakacheka. Mwalimu wa zamu akawaambia wacheke kwa Kiingereza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, na mpaka leo chai ya shule siinywi.

Tangu siku hiyo Tumpe hakusema tena. Si Kiingereza, si Kiswahili, si Kinyakyusa. Ukimwita, anasimama. Ukimuuliza, anatazama viatu. Nilidhani ni hasira za siku mbili. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Mama yake akaja mlangoni kwangu na kapu lake kichwani.

"Ugonile, mwalimu," akanisalimu. Hata kapu hakulitua. "Mwanangu mmemfanya nini?"

"Karibu ukae, Mama Tumpe."

"Sikai. Nyumbani akitaka maji ananionyesha ndoo. Nimemleta huku ajue lugha ya pili, mmenirudishia mtoto asiye na hata ya kwanza."

Nikatoka kumpokea kapu, akakataa.

Mama Tumpe huyu, Dada, ni yuleyule aliyemfundisha Zuhura Kinyakyusa. Nilipata kukusimulia? Tulipohamia Uyole, Zuhura hakujua hata salamu ya huku. Anafika sokoni, Mama Tumpe anashika kiazi juu, anakitaja kwa Kinyakyusa, hampi mpaka naye akitaje. Akikosea, Mama Tumpe anamtajia tena, wanacheka wote wawili, kiazi kinaingia kapuni. Kesho yake kitunguu, lakini kabla ya kitunguu anaulizwa kiazi. Zuhura hakuandika popote. Alirudi njiani akiyataja maneno kwa sauti, watu wa bodaboda wakidhani anaongea na simu. Miezi michache tu, akawa anatania nao pale, mimi nimesimama pembeni kama mgeni.

Na njia ninayotumia darasani kufundishia maneno, nusu yake niliipata huko, na nusu niliipata msibani kwetu, na wewe umo. Unakumbuka? Siku za mwanzo nyumba yetu ya huko Kihesa ilijaa, kila mtu anamtaja Zuhura, anamtaja, mpaka jina likapita masikioni kama maji ya bomba. Sikushika hata moja la yale mliyoniambia. Siku ya tatu tukasoma hitima, watu wakatawanyika. Mkarudi kwenye arobaini. Tumekaa jikoni, wewe ukauliza, "Hivi Zuhura alikuwa akiuitaje ule mwiko wake mdogo?" Mama mkwe akafumba macho. Mimi mume wake jina liko kwenye ulimi na halishuki. Tukahangaika pale, huyu anasema hivi, yule anakataa, mpaka wewe ukapiga paja: "Mama Mdogo! Alikuwa akiuita Mama Mdogo, kwa sababu unafika kwenye pembe ambazo mwiko mkubwa haufiki." Tukacheka mpaka tukalia. Tangu siku ile sijalisahau jina hilo. Kama mngenitajia siku ya kwanza, lingekwenda na yale mengine.

Nikawaza, maneno nayo ndivyo yalivyo. Mtoto hashiki neno kwa kuimbishwa mara nyingi siku moja. Analishika ukimwacha alisahau kidogo, kisha umrudishe alitafute mwenyewe, ahangaike, alipate. Kwa hiyo darasani kwangu maneno tunayatembelea. Nawapa machache, na kila neno lina kitu chake cha kushika mkononi: birika la Zuhura na kifuniko chake, vifungo, kufuli, chujio. Mtoto hakipati kitu mpaka akitaje kwa Kiingereza. Kesho tunalitembelea neno tena. Halafu tunaliacha mpaka siku ya tatu. Halafu tunalisahau kabisa mpaka litakapokaribia kufa, ndipo tunakwenda na kitu kimefunikwa kitambaa, nakifunua. Hapo ndipo utamu ulipo. Wanafumba macho, wanashika vichwa. Lusajo huwa anasema, "Mwalimu, sura yake naiona, nguo aliyovaa naiona, jina ndilo limegoma!" Wenzake wanamzomea, "Mtaje basi, si ndugu yako?" Na akilipata anaruka kama amekutana na mtu stendi. Mlango naufunga, ili wakihangaika kwa Kiswahili asiwepo wa kuwavika.

Mwalimu mkuu hakupenda. Aliniita ofisini wakati wa supu. Ana desturi ya kuletewa supu ya mifupa saa nne, anaila mezani hapohapo juu ya madaftari.

"Mwalimu Idrisa," akasema, "wewe watoto unawapa maneno ya kuhesabu kwa vidole. Mwenzako wa darasa la nne anawapa ukurasa mzima kila siku."

"Ni kweli, mkuu. Lakini waulize wa darasa la nne ukurasa wa wiki iliyopita."

"Uliopita umepita!" Akachukua mfupa, akaugonga kwenye bakuli, akafyonza uboho mpaka mashavu yakaingia ndani. "Na mlango wako ufunguliwe. Mfupa uingie humo. Mtoto ni lazima aone haya kidogo, ndipo akili ikae."

Mafuta yalikuwa yanamshuka kidevuni. Nilimtazama, nikatazama bakuli, na nikaona kama ule mfupa wa watoto unatoka mlemle. Nikaomba ruhusa nikatoka. Tangu hapo wale wanaouza supu hapa njia panda nawapita upande wa pili wa barabara.

Nikaenda kwake tena, mara kwa mara, kwa upole, nikimweleza habari ya Tumpe. Mara aniambie mtoto ana deko, mara aniambie nimpeleke hospitali. Neno langu halikufua dafu. Kilichouondoa mfupa ni kitu kingine kabisa, na hapo ndipo kinyaa changu kilipozidi.

Bibi yake Tumpe alishuka kutoka milimani na mzigo wa mahindi mabichi, akamkuta mjukuu anatoka shule jioni. Mfupa ulikuwa naye. Siku hizo ulikuwa naye kila jioni, kwa sababu asiyesema hawezi kumnasa mwenzake, na wenzake walikuwa wameshagundua kwamba wakimsingizia na kumvika yeye hajitetei, unakaa. Bibi ni Mkristo safi, mzee wa kanisa, lakini alipoona mjukuu wake bubu amefungwa mfupa shingoni, hakuwaza Kiingereza. Aliwaza unachokiwaza wewe sasa hivi. Aliutupa mzigo akapiga ukunga katikati ya soko la Uyole.

"Wamemfunga mtoto! Wamemfunga ulimi! Njooni muone!"

Kufumba na kufumbua soko zima lilikuwa getini kwetu. Wauza viazi, wauza vitunguu, matingo wa malori, kila mtu na lake: shule inachukua nyota za watoto, shule inawanyonya akili inawapelekea watoto wa matajiri. Mwalimu mkuu akatoka ameshika tai.

"Bibi, tulia. Hii ni mbinu ya kufundishia."

"Kufundishia nani? Fisi?"

Watu wakacheka, na kile kicheko ndicho kilichomwokoa, vinginevyo sijui. Bibi akaikata kamba kwa kisu cha mahindi, mfupa ukaanguka kwenye tope. Hakuna aliyethubutu kuugusa. Mbwa alikuja akaunusa akauacha.

Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, yamekwisha.

Wiki ile kukaitishwa mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu akasimama mbele, mnyenyekevu kama kondoo. Akasema shule imesikia kilio cha wazazi, shule inaheshimu mila, mfupa hautaonekana tena. Kisha akafungua boksi. Ndani mna vibao vya plastiki, Dada, vyekundu, vimechapwa maandishi meupe ya Kiingereza ya kumwambia kila mtu kwamba aliyevaa ni mjinga, vina utepe laini kama wa kuning'inizia vitambulisho. Kila darasa na chake. Akakichovya kimoja kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akakitoa kinametameta. "Kinaoshwa," akasema. "Hakina harufu."

Wazazi wakapiga makofi.

Nilikaa kwenye kiti changu nikiwatazama. Walewale waliokuwa wanapiga kelele getini. Kumbe kilichowatisha ni uchawi, na kilichowachukiza ni uvundo. Vikitoka hivyo viwili, mtoto kufungwa aibu shingoni ni maendeleo. Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Hiki sawa. Hiki hata Ulaya wanacho." Mama Tumpe naye aliinua mikono akapiga makofi mara moja, mara mbili, halafu mikono ikamkwama hewani. Bibi peke yake aliuliza kwa sauti, "Na hicho nacho atavaa nani?"

Nilisimama. Unajua mimi na kusimama mbele za watu. Nikasema, "Wazazi wangu, mfupa ulikuwa unanuka kwa sababu ya kazi yake. Hiki kina kazi ileile." Nilikuwa na mengine, lakini mwalimu mkuu akanishukuru kwa mchango akaniambia niketi. Kisha akagawa vibao kwa walimu wa madarasa, kila mwalimu amvike mwenyewe mtoto wa kwanza, ili wazazi waone shule ina mpango. Changu nilikipokea kwa sababu alikisukuma kifuani kwangu. Kilikuwa bado kina povu. Nikamwambia polepole, wengine wasisikie, "Mkuu, mimi simvishi mtoto kitu hiki." Akatabasamu kwa ajili ya wazazi. Baadaye ofisini hakutabasamu. Aliniambia nina mpaka shule zitakapofungwa. Ama kibao kionekane shingoni mwa mtoto wa darasa langu, ama nirudishe ufunguo wa chumba.

Kesho yake niliingia darasani na kibao mkononi kwa sababu sikujua pa kukiweka. Nikakilaza mezani. Ilikuwa siku ya kutembelea maneno ya zamani, yale ya mwanzo kabisa, ambayo Tumpe aliyajua kabla hajanyamaza. Nikatoa birika, nikatoa kufuli, nikavipanga. Watoto hawakutazama birika. Walitazama kile chekundu. Hata Lusajo.

Tumpe akanyanyuka. Hakuitwa. Akaja mpaka mezani, akasimama, akakigusa kibao kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima pasi kama ina moto. Akaniangalia usoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya muda wote ule. Sauti ikatoka imekauka, ya Kiswahili chetu hiki cha huku:

"Mwalimu, hii inaitwaje?"

Dada, hebu ona. Amesema Kiswahili, ndani ya uzio, kibao kiko mezani, na mlango, kwa amri ya mkuu, uko wazi. Mtoto yeyote angeweza kuruka akakichukua. Nilimwona Lusajo anakitazama, kisha anamtazama Tumpe. Akainuka. Akaenda mlangoni, akaufunga, akarudi kukaa.

Nikamwambia Tumpe, "Hiyo sitakufundisha jina lake, mwanangu. Hiyo hatutaitembelea."

Akafikiri. Akakisukuma kibao pembeni kwa kiwiko, kama mama yake anavyosukuma kiazi kilichooza, akavuta birika. Akalitaja. Kwa Kiingereza, vizuri kabisa. Akachukua kifuniko, hapo akakwama. Akafumba macho. Hakuna aliyemtajia, wote tulikaa tunamngoja. Alihangaika mpaka jasho likamtoka puani, kisha akakitaja, akakifunika juu ya birika, kikalia ting. Watoto walipiga kelele za lugha zote walizonazo. Kidogo walimu wa darasa la pili waje.

Kwa hiyo Dada, sikukivisha, na sitakivisha. Ufunguo nitaurudisha. Nimeshafunga vitabu kwenye kiroba. Mama Tumpe amesema akinamama wa viazi wana banda lao la kuhifadhia, kama ningependa kuwakusanya watoto jioni. Nimemwambia tutaona. Kwanza nataka nifike nyumbani. Nisije nikakudanganya kwamba sina hofu. Nitashuka basi hapo Ipogolo kwenu na birika mkononi, sina kazi, na mtoto ambaye nilimwahidi kumchukua nitamkuta palepale nilipomwacha. Lakini afadhali akae kwako asome shule ya kata, apige makelele kwa Kihehe na majirani, kuliko aje alale upande wa pili wa pazia amenyamaza. Kunyamaza kumoja katika nyumba yangu kunatosha.

Kile kitambaa cha sare kisitupwe. Shemeji anishonee mfuko wa kamba, mkubwa wa kuingia vitu vya kushika.

Barua hii anakuja nayo dereva wa lori, mume wa jirani yangu. Atasimama Ipogolo kunywa chai, shemeji ateremke kuichukua. Msalimie shemeji, mwambie mkasi wake nauheshimu. Msalimie mama mkwe, mama wa marehemu, mwambie nitapita kwake kabla sijavua viatu kwako. Msalimie yule mzee wetu wa msikiti aliyetusomea kwenye arobaini, na Mama Kalinga jirani anayemkaangia Rukia mahindi. Mwambie kamwene sana.

Na ombi moja la mwisho. Baada ya kuikunja barua hii, fungua lile kasha la vyombo vya Zuhura. Toa ule mwiko mdogo, umpe Rukia aushike, umuulize mama yake alikuwa akiuitaje. Usimtajie haraka. Alikuwa mdogo, pengine ameshaanza kusahau, nami hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kukosa kazi. Mwache afumbe macho, alitafute mwenyewe. Akishindwa, mtajie kwa upole, na usimcheke. Kesho muulize tena. Halafu uache siku zipite. Halafu nitakuja nimuulize mimi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Idrisa